Yaliyopita Bado ni Ndwele

Kikao huitwa jioni, baada ya swala ya alasiri au watu wakisharudi shambani, kutegemea ni wapi. Mikeka hutandikwa chini ya mwembe, viti vya plastiki huazimwa kwa jirani. Wazee wa upande huu hukaa huku, wa upande ule kule, na katikati hukaa mzee wa mtaa, pengine na naibu wa chifu mwenyewe. Msichana hayupo. Amepelekwa kwa nyanya yake "apumzike kidogo". Mamake yupo, lakini amekaa nyuma karibu na mlango na hakuna anayemuuliza neno. Mazungumzo ni ya ujirani wa miaka mingi, jina la ukoo, na kijana ambaye shetani alimpitia. Giza likiingia, bei imeshapatikana: mbuzi kadhaa, pesa za hospitali, mara nyingine ahadi ya ndoa. Kisha mzee mkubwa kuliko wote hukohoa na kusema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Methali hiyo ina mahali pake. Imepatanisha ndugu waliogombania mpaka wa shamba, na marafiki waliokosana kwa maneno ya kuletewa. Lakini aliyebakwa juzi bado anaumwa. Huenda mimba imeingia. Huenda virusi vimeingia pia, na dawa ya kuvizuia inafaa tu ikianzwa ndani ya saa 72. Kuna usingizi uliokataa kuja, na njia ya kwenda shule ambayo sasa haipitiki. Kumwambia mtu huyo kwamba yamepita ni kumpangia siku ya kupona bila kumuuliza anaumwa wapi.

Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera huuita utaratibu huu maslaha. Kwetu Pwani tunasema sulhu, au kuyamaliza nyumbani. Magharibi na Nyanza una majina yake. Majina ni mengi, biashara ni moja: kosa lililotendwa juu ya mwili wa mtu mmoja linageuzwa deni baina ya familia mbili, halafu deni linalipwa kwa watu ambao hawakuguswa.

Nina hoja moja, na nitaishikilia hadi mwisho. Nchini Kenya, haki inayobeba haki nyingine zote za manusura wa ukatili wa kingono ni kwamba kesi yake haiwezi kuuzwa na mtu mwingine. Imeandikwa kwenye sheria zaidi ya mahali pamoja. Hata hivyo inavunjwa mchana kweupe, mara nyingi mbele ya mtu anayelipwa mshahara na serikali.

Tuanze na maandishi yenyewe. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 40, inasema kwamba uamuzi wa kusimamisha upelelezi au mashtaka ya kosa la kingono uko mikononi mwa Mwanasheria Mkuu. Tangu Katiba ya 2010, mamlaka ya mashtaka yamehamia kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa lugha ya nyumbani: baba wa mtoto hana uwezo wa kuifuta kesi. Chifu hana. Mkuu wa kituo cha polisi hana. Imamu, mchungaji na mwalimu mkuu hawana. Karatasi iliyotiwa dole gumba chini ya mwembe, hata ikigongwa muhuri wa ofisi ya chifu, haina nguvu yoyote ya kuizima kesi hiyo.

Sheria haikuishia hapo. Sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai inaruhusu mahakama kuhimiza mapatano, lakini kwa makosa madogo tu, kama shambulio la kawaida. Jinai kubwa zimeachwa nje, na ubakaji na unajisi, yaani kumwingilia mtoto, ni jinai kubwa. Sheria hiyo hiyo ina sehemu inayoruhusu mshtakiwa na upande wa mashtaka kukubaliana ili akiri kosa na kupunguziwa. Kifungu cha 137N kinasema wazi kwamba utaratibu huo hauhusu makosa ya kingono. Yaani bunge liliona kwamba hata mwendesha mashtaka mwenyewe, mwenye ofisi na mamlaka, asiachiwe kupatana bei na mshtakiwa wa ubakaji chini ya utaratibu huo. Sasa mzee wa mtaa aliupata wapi uwezo huo?

Wanaoitetea sulhu hukimbilia Katiba. Ni kweli, Ibara ya 159 inazitaka mahakama zikuze njia mbadala za kutatua migogoro, zikiwemo za jadi. Wengi husoma hadi hapo wakafunga kitabu. Aya inayofuata inasema njia za jadi zisitumiwe kwa namna inayokiuka Sheria ya Haki, wala inayokwenda kinyume na haki na maadili. Kikao kisichomwita aliyeumizwa, kikampa babake mbuzi, kimekwama kwenye sharti la kwanza kabla hata ya kufika la pili. Kwa ndugu zangu Waislamu wanaosema mambo haya ni ya kadhi, Ibara ya 170 iko wazi: mahakama ya kadhi inashughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu waliokubali kufika mbele yake. Ubakaji haumo. Na wanaotaka kuufunika kwa ndoa wakumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka umri wa chini kuwa miaka 18. Kumwoza mtoto aliyenajisiwa kwa aliyemnajisi ni kuliendeleza kosa lile lile kila usiku.

Kuna pingamizi moja ninalolichukulia kwa uzito, kwa sababu nimelisikia kutoka kwa wanawake wenyewe. Wanauliza: kama kesi haiwezi kufutwa na familia, na haiwezi kufutwa na mimi pia, basi si nimenyang'anywa tena? Mwanamume alinichukulia mwili bila ridhaa yangu, na sasa serikali inaichukua hadithi yangu bila ridhaa yangu. Swali hilo halijibiwi kwa haraka. Mtu mzima ana haki ya kuchoka. Ana haki ya kutotaka kusimama kizimbani na kutaja viungo vyake mbele ya watu. Kiongozi wa mashtaka mwenye utu anapaswa kumsikiliza, na Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inampa mwathiriwa haki ya kusikizwa kabla ya uamuzi unaomgusa kutolewa.

Lakini nimefikia kuamini kwamba kifungu cha 40 kinamlinda kuliko kinavyomfunga. Fikiria mama anayeishi kwenye kiwanja cha wakwe, na mshukiwa ni shemeji yake. Kila asubuhi anaulizwa akiwa kisimani: "Utaifuta lini?" Kama angekuwa na uwezo wa kuifuta, shinikizo lote la ukoo lingemwangukia yeye peke yake, na lisingekoma hadi akubali. Uwezo ukiwa kwa ofisi ya mbali, ana jibu la kuwapa: si mimi, ni serikali. Wanaomtisha wanapungukiwa sababu ya kumtisha. Hiyo ndiyo maana ya kuutoa ufunguo nyumbani. Tatizo ni kwamba watu hawajaambiwa kwamba ufunguo umetolewa, na wanaojua huendelea kufungua kwa funguo bandia.

Sheria hii haikuletwa kwenye sinia. Aliyeusukuma mswada wake alikuwa Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa na leo jaji wa Mahakama ya Juu. Mjadala wa bunge mwaka 2006 ulikuwa mchungu: mbunge mmoja alisimama na kudai kwamba mwanamke wa Kiafrika husema hapana akimaanisha ndiyo, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi kwa hasira. Ili mswada upite, ilibidi mengine yaachwe. Ubakaji ndani ya ndoa uliwekwa kando, na hadi leo kifungu kinachofafanua vitendo visivyo vya halali kinasema hakiwahusu waliooana kisheria. Kikaingizwa pia kifungu cha 38, kilichosema kwamba mtu akitoa madai ya uongo ataadhibiwa kwa adhabu ile ile ya kosa alilodai. Hebu pima hilo ukiwa msichana wa kijijini: ukishindwa kuthibitisha, unaweza kufungwa kama mbakaji. Kifungu hicho kiliwafunga watu midomo kwa miaka sita, mpaka kilipofutwa mwaka 2012. Woga wake haujafutika. Bado utasikia kwenye vikao: "Na ikiwa ni uongo, mtafungwa nyinyi."

Hoja nyingine ya vikaoni ni ushahidi. Nani aliona? Hakuna aliyeona, basi hakuna kesi, tupatane. Hapa pana ujinga ambao umegharimu watu haki zao. Zamani mahakama zetu, kwa desturi zilizorithiwa kwa Waingereza, zilikuwa zikitaka neno la mwanamke liungwe mkono na ushahidi mwingine, kana kwamba mwanamke ni shahidi nusu. Mapema miaka ya 2000 Mahakama ya Rufaa iliikataa desturi hiyo, ikasema ni ubaguzi usiolingana na Katiba. Leo kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaeleza kwamba katika kosa la kingono, hata kama ushahidi pekee ni wa mwathiriwa, mahakama itamtia hatiani mshtakiwa ikiwa imeridhika kwamba mwathiriwa anasema kweli, na iandike sababu zake. Mahakama ya Rufaa imerudia pia kwamba ubakaji hauthibitishwi kwa vinasaba. Unathibitishwa kwa ushahidi, na ushahidi wa mdomo ni ushahidi. Kipimo cha daktari kinasaidia sana, nitalifikia hilo. Lakini kukosekana kwake si kaburi la kesi. Wala hakuna muda wa mwisho: jinai kubwa kama ubakaji inaweza kushtakiwa baada ya miaka mingi.

Mpaka hapa sheria inapendeza. Basi kwa nini mikeka bado inatandikwa?

Jibu rahisi ni mila, na magazeti hulipenda. Mimi siliamini lote. Wazee hawajazuia haki kwa nguvu za mila peke yake. Wamepata nafasi kwa sababu mlango mwingine, ule wa serikali, ulikuwa umefungwa au unafunguliwa kwa kitu kidogo. Mzazi anayekwenda kwenye kikao cha sulhu mara nyingi ameshapita kituo cha polisi kwanza. Ameambiwa gari halina mafuta. Ameambiwa alete mashahidi yeye mwenyewe. Ameambiwa arudi kesho, halafu kesho kutwa, na kila kurudi ni nauli ya bodaboda. Kufikia siku ya nne, mbuzi watatu wa leo wanaonekana bora kuliko hukumu ya mwaka usiojulikana. Hiyo ni hesabu ya mtu maskini, na serikali ndiyo iliyompa tarakimu.

Haya si maneno yangu tu. Tarehe 27 Mei 2013, katika Mahakama Kuu ya Meru, Jaji J. A. Makau alitoa uamuzi ambao kila afisa wa polisi alipaswa kuusoma siku ya kwanza chuoni. Wasichana kumi na mmoja, pamoja na shirika la Ripples International lililokuwa limewahifadhi, walikuwa wameishtaki polisi. Waliwakilisha wengine wengi, ndiyo maana kesi ikajulikana kama ya wasichana 160. Wote walikuwa wamenajisiwa. Wengine walikuwa watoto wadogo kabisa. Malalamiko yao mahakamani hayakuwa dhidi ya walionajisi peke yao. Yalikuwa dhidi ya dola: polisi walikataa kuandika taarifa, hawakupeleleza, walidai pesa. Jaji alikubaliana nao. Alisema uzembe huo ulikiuka haki zao za kikatiba na ulisaidia kujenga mazingira ambamo wanaowaharibu watoto hawaogopi. Akamwamuru Inspekta Jenerali kuhakikisha upelelezi wa haraka na wa kitaalamu.

Mwezi uliofuata, kana kwamba hakuna aliyesoma hukumu hiyo, kikatokea kisa cha Busia. Msichana wa miaka 16, aliyepewa jina la Liz ili kumficha, alibakwa na genge la wanaume akitoka mazishini, akatupwa ndani ya choo cha shimo, akabaki na majeraha yaliyomfanya ashindwe kutembea. Washukiwa watatu walikamatwa wakapelekwa kituoni. Adhabu waliyopewa ilikuwa kukata nyasi za uwanja wa kituo, kisha wakaambiwa waende nyumbani. Nyasi zilikatwa, faili likafungwa. Ilibidi zaidi ya watu milioni moja duniani watie saini, na wanawake waandamane Nairobi hadi kwenye makao makuu ya polisi, ndipo kesi ianze. Mwaka 2015 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15.

Nimelitaja tukio hilo kwa sababu watu hulisimulia kama kioja cha askari wajinga. Mimi naliona tofauti. Kukatisha nyasi ni sulhu. Ni kile kile kikao cha mwembeni, ila safari hii kilikaa ndani ya kituo cha polisi na kikavaa sare. Mantiki ni moja: kosa dogo, vijana wetu, wamejuta, tuyamalize. Maadamu afisa anaamini moyoni kwamba ubakaji ni ugomvi wa familia, kifungu cha 40 kitakaa kwenye rafu kikisubiri vumbi.

Hospitali nayo ni mlango unaojua kujifunga. Utaratibu ulivyopangwa ni mzuri kuliko watu wanavyodhani. Manusura anaweza kwenda hospitalini kwanza, kabla ya polisi. Hakuna anayepaswa kumnyima matibabu kwa sababu hana namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Kanuni za mwaka 2012 chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono zinaagiza matibabu yake katika hospitali ya umma yawe bure. Atapewa dawa za PEP za kuzuia HIV ndani ya saa 72, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, mapema iwezekanavyo. Mhudumu hujaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, ile wanayoiita PRC, na polisi hutoa fomu ya P3 ambayo daktari huijaza kwa ajili ya mahakama. Wenzetu wa Tanzania wanayo PF3, binamu yake wa damu. Nguo za siku hiyo hazifuliwi wala hazitiwi kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu huozesha ushahidi. Huwekwa kwenye karatasi ya kaki au gazeti safi. Na kuoga, ambako ndiko mwili wote unakulilia, kunasubiri hadi baada ya kupimwa.

Nani anayajua haya saa nane za usiku, akiwa kijijini Ganze au Kinango, na hospitali kubwa iko mbali? Mama atamchemshia mwanawe maji aoge. Atafua nguo. Atafanya kila tendo la huruma analolijua mama, na kila tendo litapunguza ushahidi. Simlaumu hata chembe. Nawalaumu wale wanaotumia mamilioni kwa semina za hotelini na hawajabandika karatasi moja ya Kiswahili, au ya Kigiriama, au ya Kipokomo, kwenye zahanati ya kijiji.

Halafu mahakama. Kesi hutajwa, hupangiwa tarehe, huahirishwa. Wakili wa mshtakiwa ni mgonjwa. Daktari aliyejaza P3 amehamishwa. Hakimu yuko kwenye mafunzo. Shahidi wa miaka 11, aliyejikaza wiki nzima ili aweze kusema, anaambiwa arudi baada ya miezi miwili, na atokapo nje anakutana mlangoni na mshtakiwa aliye nje kwa dhamana, akiwa na nduguze. Sheria ya 2006 inaruhusu shahidi aliye hatarini atoe ushahidi akiwa amefichwa nyuma ya pazia, au kupitia mtu wa kati anayemsaidia kusema. Inakataza pia kumchimba mwathiriwa kuhusu maisha yake ya kimapenzi ya zamani bila idhini ya mahakama. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa inataka usalama wake uzingatiwe pale masharti ya dhamana yanapopangwa, na kesi iishe bila kucheleweshwa pasipo sababu. Kila ahirisho lisilo na sababu ni mwaliko mpya wa kikao cha mwembeni. Upande wa mshtakiwa unalijua hilo, na hungoja. Siku moja shahidi hafiki, kesi inaanguka, na kijijini watu wanasema: mnaona, alikuwa anadanganya.

Ndiyo maana nilifurahi, kwa dhati kabisa, mwaka 2022 mahakama maalumu ya kesi za ukatili wa kingono na kijinsia ilipofunguliwa Shanzu, hapa Mombasa, ikiwa ya kwanza nchini, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome. Hakimu anayesikiza kesi za aina hii siku baada ya siku hujifunza kuujua ukimya wa mtoto ni ukimya wa namna gani. Nyingine zimefuata. Bado ni chache mno ukilinganisha na mahitaji: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 uligundua kwamba asilimia 15.6 ya wanawake wa miaka 18 hadi 24 walikuwa wamepitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wanaume wa umri huo ilikuwa asilimia 6.4. Hao wavulana tunawasahau. Sheria inasema "mtu", haisemi mwanamke, lakini mvulana aliyenajisiwa hata kikao cha sulhu hakipati. Anapata kicheko, au kipigo cha baba.

Mahakama ya Juu nayo imeongeza silaha. Mnamo Septemba 2020, katika kesi iliyohusu mauaji, iliamua kwamba mwathiriwa ana haki ya kushiriki katika kesi kupitia wakili wake, maadamu wakili huyo hageuki kuwa mwendesha mashtaka wa pili. Kabla ya hapo mwathiriwa wengi walimwona kama kielelezo tu, kitu cha kuonyeshwa mahakamani na kurudishwa kabatini. Sasa anaweza kuwa na mtu wake, wa kuuliza kwa nini dhamana imelegezwa, kwa nini kesi imeahirishwa mara ya saba. Mashirika kama FIDA-Kenya, la mawakili wanawake, hutoa mawakili hao bila malipo.

Julai 2024 mahakama hiyo hiyo ilisema vifungo vya chini vilivyowekwa na sheria ya 2006 vibaki kama vilivyo: maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, si chini ya miaka 20 kwa wa 12 hadi 15, si chini ya 15 kwa wa 16 na 17. Naiheshimu hukumu hiyo. Ila niseme jambo ambalo wanaharakati wenzangu hawalipendi: adhabu ndefu isiyopindika ina upande wake mwingine kijijini. Mshtakiwa akiwa ni mjomba anayelipa karo ya nyumba nzima, au kijana wa miaka 18 na mpenzi wake wa 17, ukoo ukisikia "miaka 15, hakuna kupunguziwa" hufunga mlango kwa komeo. Siombi adhabu zipunguzwe leo. Naomba tuache kuamini kwamba tarakimu kubwa kwenye sheria inamsaidia msichana ambaye kesi yake haitafika kwa hakimu. Kinachomtisha mkosaji ni uhakika wa kushikwa, na uhakika huo ndio unaouzwa kwenye mkeka.

Na fidia? Watetezi wa sulhu husema angalau wao hulipa, mahakama hailipi. Wana nusu ya hoja. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa inatambua haki ya mwathiriwa kufidiwa, na imeanzisha mfuko wa ulinzi wa waathiriwa. Waulize manusura walio karibu nawe ni wangapi waliowahi kupata hata nauli kutoka huko. Lakini angalia mfano huu: manusura wanane wa ukatili wa kingono wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, wanawake sita na wanaume wawili, walifungua kesi dhidi ya serikali mwaka 2013 wakiungwa mkono na mashirika, likiwemo COVAW linalopinga ukatili dhidi ya wanawake. Tarehe 10 Desemba 2020, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba serikali ilishindwa katika wajibu wake wa kupeleleza na kushtaki, na wanne kati yao wakapewa fidia ya shilingi milioni nne kila mmoja. Wanne tu, baada ya miaka karibu kumi na mitatu tangu ghasia. Muda huo ni aibu. Hata hivyo, pesa ile iliandikwa kwa aliyeumizwa mwenyewe, na mbele yake kuliandikwa kwa wino wa mahakama kwamba alidhulumiwa. Mbuzi hawasemi hivyo. Mbuzi huingia zizini kwa baba.

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Kanuni ya Adhabu inalo kosa la kupokea mali ili kuificha jinai kubwa. Litumike. Chifu aliyekaa kwenye kikao cha kuuza kesi ya unajisi ashtakiwe yeye, mmoja tu kwa kila kaunti, hadharani, na tutaona mikeka itakavyokunjwa. Kituo cha polisi kinachoandika kwenye kitabu cha OB kwamba "pande zote zimekubaliana" kieleze ni nani katika ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka aliyeidhinisha. Na nauli ya mashahidi ilipwe siku ile ile, mkononi, kwa sababu kesi nyingi hufa kwa kukosa nauli ya matatu.

Na wewe mama uliyekaa nyuma karibu na mlango. Usiku huu ukifika ugeni, wazee watatu wenye heshima zao, na bakora zao, na maneno laini, huna haja ya kubishana nao wala kuwakosea adabu. Wakaribishe chai. Waambie kesi ina namba, na namba umeiandika. Waambie mwenye uwezo wa kuifuta hakai hapa mtaani. Ana ofisi katika kila kaunti, hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa. Wakitaka, waende wakamwambie yeye, kwa majina yao kamili, kile walichokuja kukuambia wewe.